Kuacha Jiwe Mahali Pake: Namna ya Kujipatia Nafasi Katika Maisha ya Shughuli Nyingi

Nyuma ya nyumba tuliyokulia Mabatini, jijini Mwanza, kulikuwa na jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mtaa ulipozidi kujaa, watu walijenga kila palipoweza kujengwa: choo cha huyu kikagusana na jiko la yule, vichochoro vikabaki vya kupitisha mtu mmoja mwenye ndoo kichwani, na miembe ikakatwa kupisha vyumba vya kupangisha. Jiwe lilibaki kwa sababu hakuna aliyeweza kuling'oa, na kwa hiyo palipokuwa na jiwe ndipo mahali pekee palipobaki wazi. Asubuhi mama zetu walianika nguo juu yake, mchana walianika dagaa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande vya kukaushwa, na jioni, jiwe likiwa bado na joto la jua, watu wazima walipanda wakakaa, wakitazama mabati ya mtaa na, mbali zaidi, kipande cha ziwa, mpaka taa zianze kuwaka.

Ninaandika mwongozo huu kwa sababu ya jiwe lile. Nimekuja kuamini kwamba mtu hapati nafasi katika maisha yake kwa kusubiri shughuli zipungue, kwa kuwa shughuli hazipungui. Nafasi hupatikana kwa kuweka kitu kisichohamishika, kisha kuyaacha mambo mengine yajengwe kukizunguka.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina watoto watatu na duka dogo la vifaa vya shule huku Kiseke. Miaka minne iliyopita nilikuwa pia mwanachama wa vikoba viwili, yaani vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha, na mchezo mmoja wa kuchangiana fedha kwa zamu kila wiki, nikiimba kwaya, na nikiwa katika kamati tatu za harusi kwa wakati mmoja. Mama yangu mdogo alikuja kutoka Magu na furushi la michembe, akakaa siku nne. Katika siku hizo nne nilimwona asubuhi nikivaa viatu na usiku nikivivua. Siku ya kuondoka nilimsindikiza hadi stendi, naye, akiwa ameshika kidirisha cha basi, akaniambia bila hasira yoyote: "Nilikuja kumwona mwanangu, nimeuona mkoba wake." Basi liliondoka nikabaki nimesimama, na nilipotazama simu nilikuta tayari nimechelewa kikao. Yanayofuata ni yale niliyoyafanya tangu siku ile, yaliyonifaa na machache yaliyonishinda.

Anza kwa kuhesabu

Usianze kwa kupunguza. Mtu anayepunguza kabla ya kuhesabu hupunguza vile vilivyo rahisi kupunguzwa, yaani usingizi wake na muda wa watoto wake, kwa sababu hivyo havina mwenyekiti wala mweka hazina wa kumpigia simu. Chukua daftari, na kwa wiki moja, kila usiku kabla ya kulala, andika kila shughuli iliyokuchukulia zaidi ya robo saa. Ipe safu tatu: jambo lenyewe, muda ulioondoka ukijumlisha safari na kusubiri, na jina la aliyeliomba. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi kubwa. Wengi wetu tukiulizwa tunajua tunachofanya, lakini hatukumbuki ni nani aliyetutuma tukifanye.

Wiki ikiisha, kaa chini na kalamu ya rangi nyingine na uweke alama. Alama ya kwanza ni ya yale yanayokulisha wewe na nyumba yako. Alama ya pili ni ya watu ambao kuwakosa kungekuumiza. Alama ya tatu ni ya yale uliyoyakubali kwa aibu, kwa sababu aliyekuomba alikuwa mkubwa, au mlikuwa mbele za watu, au jina lako lilitajwa kikaoni ukiwa haupo na ukaona ni vibaya kulifuta. Mimi nilikuta mambo 31 katika wiki moja, na 11 kati yake yalikuwa ya aibu. Nilikuta pia kwamba nilikuwa nimeshuka mjini na kurudi Kiseke mara tano, na safari tatu kati ya hizo zingeweza kuwa moja kama ningefikiri Jumapili jioni badala ya kufikiri nikiwa ndani ya daladala.

Hapa lazima niseme jambo ambalo miongozo ya namna hii mara nyingi hulikwepa. Wapo watakaomaliza kuweka alama na kukuta karibu kila kitu ni cha kula. Mama anayefika Kirumba Mwaloni alfajiri kununua samaki wa kutembeza hadi jioni hana la aibu la kufuta, na simwambii apunguze. Bibi yangu kule kijijini alikuwa na vitu vichache kwa sababu hakuwa na fedha, na maji aliyatoa mbali. Yeye mwenyewe asingeuita uchache ule utulivu, nami sitauremba ufukara kwa jina zuri. Mwongozo huu unamhusu zaidi mtu aliyejaza ndoo yake kwa mkono wake mwenyewe. Hata hivyo, hatua inayofuata, ya kuweka jiwe, nimeiona ikimfaa hata yule mwenye kazi isiyopungua, na wavuvi wa dagaa ndio walionifundisha.

Weka jiwe lako mapema, na watu walijue

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi hutumia taa za betri na za sola; taa huwekwa zielee majini, wadudu na dagaa huvutwa na mwanga, kisha nyavu huzungushwa. Ukisimama ufukweni usiku wa giza utaona taa hizo kwa wingi, kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Lakini mwezi unapokaribia kuwa mpevu, mbalamwezi hutawanya mwanga ziwani kote na taa ya mvuvi hukosa nguvu ya kuwakusanya dagaa. Kwa siku hizo mitumbwi huvutwa nchi kavu, nyavu hushonwa, mbao zinazovuja huzibwa, na vijana hurudi nyumbani kuonana na wake na watoto wao. Kisha giza hurudi na kazi huanza upya.

Tazama kinachofanya mapumziko hayo yasimame. Kwanza, hayategemei mvuvi kama amechoka au hajachoka. Pili, yanajulikana mapema: mchuuzi anajua, mwenye mtumbwi anajua, anayemdai anajua, na kila mmoja hupanga mambo yake akijua kwamba siku hizo hakuna mzigo. Tatu, hakuna anayemwita mvuvi mvivu kwa kutoingia ziwani wakati wa mbalamwezi. Nafasi tunayojiwekea sisi wa maofisini na madarasani hubomoka kwa sababu haina hata kimoja kati ya hivyo. Tunaipanga kichwani, hatumwambii mtu, tunaifuata tukiwa tumechoka tu, na tunaiona kama jambo la kuombea msamaha.

Kwa hiyo chagua muda ambao huupangi wewe. Nilijaribu kwanza "saa moja ya kupumzika kila siku nikipata nafasi", na katika wiki mbili sikuipata hata mara moja. Nikaufunga muda wangu na kuzama kwa jua. Mwanza iko karibu na Ikweta, kusini yake kwa nyuzi mbili na nusu hivi, na kwa sababu hiyo jua letu halibadilishi saa kwa kiasi kikubwa. Mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, dakika chache huku au kule. Jua likishafika kwenye vilima, mimi natoka na kiti hadi nyuma ya nyumba, na sirudi ndani mpaka giza liingie vizuri. Ni kama nusu saa. Mwingine atafunga wake na adhana ya alfajiri, au na kengele ya kanisa, au na dakika zile baada ya watoto kupanda basi la shule. Kinachotakiwa ni kwamba jambo hilo litokee lenyewe, uwe tayari au usiwe tayari.

Kisha watangazie wa nyumbani. Kwa mwanamke saa hiyo ni saa ya jiko, na nisipolisema hili nitakuwa nimeandika mwongozo wa wanaume peke yao. Ilinibidi nikae na mume wangu na binti yetu mkubwa tukakubaliana: maharage yanachemshwa mchana na kuachwa kwenye chupa ya moto, maji ya ugali yanabandikwa na mtu mwingine, na kama chakula kitachelewa kwa dakika 20, kitachelewa. Mume wangu alidhani nitaacha baada ya siku tatu. Sikuacha, na sasa kuna jioni ambazo yeye ndiye anayenikumbusha kwamba jua limeshuka.

Katika nusu saa hiyo usifanye kitu. Najua agizo hili ni gumu kuliko yote niliyoyaandika hapa. Siku za mwanzo mkono wangu ulikuwa ukienda mfukoni kutafuta simu niliyokuwa nimeiacha ndani kwa makusudi; kichwa kiliandaa orodha; nilihisi kama mtu aliyetoroka kazini. Jirani alinichungulia juu ya uzio akauliza, "Dada, unaumwa?" Nikamjibu, "Hapana dada, nimekaa tu." Alinitazama kidogo, kama asiyeamini, akaendelea na shughuli zake. Baada ya wiki chache alikuwa akipita na kunisalimu "Mwadila" bila swali lolote, na siku moja alikuja na stuli yake. Kukaa si jambo geni kwetu. Wasukuma wana hata ngoma inayochezwa watu wakiwa wameketi, wigashe, na jina lenyewe linatokana na kukaa. Ni shughuli zetu za siku hizi zilizotufanya tumwone mtu aliyekaa kuwa mgonjwa.

Kuna jambo moja ambalo usilitegemee, nalo ni wepesi wa vyombo vya usafiri na barabara. Mpaka mwaka 2025, aliyetaka kwenda Sengerema au Geita kwa njia ya Kigongo alisubiri kivuko, na kusubiri huko kuliweza kuchukua muda mrefu; watu walishuka garini, wakanunua samaki wa kukaanga, wakanyoosha miguu, wakafahamiana. Juni mwaka huo daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa, na maji yale sasa yanavukwa kwa dakika chache. Ninalifurahia daraja lile kwa moyo wote, kwa kuwa palepale kwenye foleni ya kivuko walikuwepo pia wagonjwa na wajawazito. Lakini kaka yangu, anayepeleka bidhaa ng'ambo ile, alikuwa akisema kwamba daraja likikamilika atapata muda wa kukaa na familia. Sasa anakwenda mara mbili kwa siku badala ya mara moja, na anarudi usiku kuliko zamani. Muda uliookolewa bila kuwekewa mwenyewe huchukuliwa na wa kwanza kuuona.

Sebule na makabati

Baada ya muda ndipo uje kwenye vitu. Sebule yangu ilikuwa na seti ya makochi ya watu saba, stuli nne, meza ya kioo, kabati la vyombo, runinga na redio yenye spika mbili ndefu, vyote ndani ya chumba ambacho kingewatosha watu wanne waliokaa vizuri. Mgeni alipita ubavu. Akikaa, magoti yake yaligusa meza, na nikimpelekea chai ilinibidi kumpitishia juu ya kichwa cha mwingine. Kila kochi lilikuwa na vitambaa vya kufuma vilivyotakiwa kunyooshwa kila mara mtu alipoinuka, na mtoto wangu wa pili, ambaye sasa yuko kidato cha kwanza, alikuwa akifanyia kazi zake za shule kwenye ngazi ya mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na sakafu.

Niliuza kochi la watu watatu. Vijana wawili walilitoa kwa kulisimamisha wima, na lilipotoka nikaona mstatili wa sakafu ambao ulikuwa na rangi nyekundu iliyoiva, ile tuliyoipaka mwaka tuliohamia, huku sakafu nyingine yote ikiwa imefifia na kuwa kama vumbi la matofali. Watoto walijilaza palepale kwenye ule wekundu bila kuambiwa na mtu. Sikuweka kitu kingine mahali hapo isipokuwa mkeka, nao hukunjwa na kusimamishwa nyuma ya mlango. Katika vyombo vyote vya nyumba sijui kinachoushinda mkeka: mchana haupo, usiku upo, wageni wakiwa wawili unawatosha, wakiwa wanane unatandika wa pili.

Kwa makabati njia niliyoiona inafaa ni hii. Tafuta maboksi ya dukani, weka ndani kila chombo na kila nguo ambayo huna hakika nayo, andika tarehe juu ya boksi kwa kalamu nene, kisha liweke mahali pasipofikika kwa urahisi. Subiri miezi mitatu, na hakikisha ndani ya miezi hiyo kuna sikukuu moja kubwa, Krismasi au Idi, kwa sababu ndipo nyumba inapopimwa. Kitakachohitajika kitolewe na kirudi kabatini bila lawama. Kitakachobaki bokisini kitoke nyumbani: kumpa binti anayeanza maisha ni bora kuliko kukiuza, na nguo nzuri zina wanunuzi wake pale soko la Mlango Mmoja. Sare za harusi ndizo zilizonisumbua, kwa kuwa kitenge cha kamati ya mwaka fulani hakivaliki harusi nyingine. Nyingi nilizifanya foronya na vitambaa vya meza.

Lakini kuna vitu ambavyo nakusihi usiviguse hata kama vinakula nafasi. Sufuria kubwa, chupa za chai, viti vya plastiki, turubai na mikeka ya ziada si vyako peke yako. Ukitokea msiba mtaani, sufuria yako huondoka bila kuuliza na kurudi baada ya siku tatu ikiwa na masizi ya kuni za mwingine. Mtu anayesafisha nyumba yake mpaka akabaki na sufuria moja ya kumtosha yeye na mumewe amejipunguzia vyombo, ni kweli, lakini amejitoa pia katika mduara ambao siku moja ataulilia. Wepesi ninaoutetea hapa ni ule unaomwachia mtu mahali pa kumpokea mwenzake.

Kukataa kwa heshima

Sasa turudi kwenye yale mambo 11 ya aibu. Hapa ndipo nilipotumia muda mrefu zaidi na ndipo nilipokosea zaidi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutoa sababu. Nilimwandikia mwenyekiti wa kamati moja kwamba sitaweza vikao vya Jumatano kwa kuwa nina masomo ya ziada, na jioni ileile nikajibiwa kwa furaha kwamba kikao kimesogezwa Alhamisi kwa ajili yangu. Sababu ni mlango; ukiutoa, mwenye haja atatafuta ufunguo wake. Tangu hapo huandika hivi:

"Shikamoo mama. Nimepokea kadi, tunamshukuru Mungu kwa hatua ya kijana wetu. Mchango wangu ni shilingi 30,000, nitautuma tarehe 2. Kwenye kamati naomba mniwie radhi, sitaweza kuhudhuria vikao, ila siku yenyewe nitakuwepo."

Angalia mpangilio wake. Salamu na shukrani vinatangulia, kiasi na tarehe vinatajwa ili asibaki na mashaka, kukataa kunasemwa mara moja bila maelezo, na kinachobaki mwisho ni ahadi. Kisha ahadi hiyo itimizwe kweli, fedha tarehe 2 na mwili siku ya harusi. Mtu akikuona mwaminifu katika dogo ulilolikubali, hatakuchukia kwa kubwa ulilolikataa.

Kwa mzee aliyekuja nyumbani kwako, ujumbe wa simu ni ukosefu wa adabu, na kukataa papohapo ni kumwaibisha. Mwombe muda: "Naomba unipe mpaka Jumamosi, baba mkubwa, nitakuja mwenyewe kukujibu." Halafu nenda, na uende mapema. Nimepata kumwambia mzee wa ukoo kwamba siwezi kuwa mweka hazina wa mambo ya familia, nimekaa mbele yake na kikombe cha uji mkononi, na alichoniuliza tu ni nani nadhani anafaa. Nilikuwa nimeogopa siku ile kwa majuma mawili.

Mwanzoni mwa mwaka panga kiasi cha michango kwa mwaka mzima, na kikiisha, sema kimeisha. Vikoba vina kanuni yake: usitoke katikati ya mzunguko. Wenzako wamekopa na kukopeshana wakihesabu hisa zako, na kutoka kabla ya siku ya kugawana ni kuwaachia pengo. Toa taarifa mapema, maliza marejesho, pokea gawio lako kama wengine, na usijiandikishe mzunguko unaofuata. Mimi nilibaki na kikoba kimoja, cha walimu wenzangu, na mchezo wa kila wiki niliumaliza zamu ilipokwisha kupita kwa wote.

Misiba sipunguzi. Wapo watakaoona kwamba hapa sijitendei haki, kwa kuwa misiba nayo ni mingi na huchukua siku nzima. Lakini kukaa msibani ni kukaa; hakuna anayekuharakisha, na mara nyingi ni mahali ambapo nimemsikiliza mtu mpaka akamaliza.

Kuhusu simu sina mengi. Nyamazisha makundi yote isipokuwa la familia na la kazini, yasome mara moja kwa siku, na simu ilale kwenye chaji chumba kingine. Hilo unaweza kulifanya leo kabla ya kumaliza kusoma.

Kazi zenye nafasi ndani yake

Zipo kazi ambazo nilizipunguza kwa pupa kisha nikazirudisha. Kuchambua dagaa ni mojawapo. Nilikuwa nanunua waliokwisha kuchambuliwa, kwa bei ya juu, nikidhani nimeokoa saa nzima. Siku moja nililetewa dagaa wa jua, walioanikwa kwenye vichanja, wasio na mchanga, nikaketi na binti yangu mdogo, ungo katikati yetu. Unamshika dagaa kwa vidole viwili, unakivunja kichwa kuelekea tumboni, na uchungu wote hutoka nacho kama uzi mweusi. Kichwa kinakwenda kwenye bakuli la kuku, mwili unabaki kwenye ungo, na magamba ya fedha yanakubandika vidole mpaka usiku. Mikono ikishazoea, macho hayana kazi, na mdomo huanza kusema. Binti yangu alinieleza habari ya rafiki yake wa darasani ambayo nilipaswa kuwa nimeisikia mwezi mzima kabla.

Kwa hiyo unapopima kazi ya kuiacha, usiulize tu inachukua muda gani. Uliza pia kama mtu mwingine anaweza kukaa nawe ukiifanya. Kufagia uwanja alfajiri, kutembea hadi sokoni badala ya kupanda bodaboda, kukoboa, kufuma mkeka, zote ni za namna hiyo. Kupanga foleni, kubishana kwenye kundi la simu na kukimbilia kikao cha pili kabla cha kwanza hakijaisha si za namna hiyo.

Jiwe linapofunikwa

Kuna majira ambayo yatakushinda. Mimi hushindwa kila Oktoba na Novemba, wakati wa mitihani ya taifa, na nilishindwa miezi miwili mizima mama mkwe alipolazwa. Mara ya kwanza nilijaribu kulipa: nilihesabu jioni nilizozikosa, nikajiwekea kukaa saa nzima badala ya nusu, na katika siku chache ile nafasi ikawa deni kama madeni mengine. Usilipe. Siku mambo yatakapotulia, jua litazama kama kawaida, nawe utoke na kiti chako kwa nusu saa ileile. Na kila mwaka, wiki moja tu, rudia lile daftari la safu tatu, kwa kuwa mambo ya aibu hurudi polepole na kila moja hurudi na salamu nzuri. Mwaka huu nilikuta sita.

Mama mdogo alirudi Agosti, safari hii na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha kukaushwa. Alisimama mlangoni akatazama sebule, akauliza kochi kubwa liko wapi. Nikamwambia tumeliuza. Hakusema neno, aliuchukua mkeka nyuma ya mlango, akautandika kwenye ule mstatili mwekundu, akavua ndala, akakaa na miguu ameinyoosha mbele, kisha akaniagiza nimletee ungo na nije na dagaa kama wapo.